Kutambua kampaundi kwa NMR: mwongozo kamili, kuanzia mrija hadi muundo wa molekuli

Malalamiko ninayoyasikia kila mara ni haya: "Nimepima, nimepata spektra, lakini vilele haviendani na kampaundi niliyotengeneza." Nikiomba kuiona hiyo spektra, mara nyingi mashine ya NMR (inayotumia sumaku na mawimbi ya redio kusikiliza viini vya atomi) haina kosa. Sampuli ilikuwa na chembe, au kiyeyusho cha kusafishia hakikuondolewa, au msomaji amekimbilia jedwali kutafuta "ppm 4.3 ni nini" kabla ya kuhesabu hidrojeni zake.

Ndiyo maana mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja: andaa, pima, ondoa visivyo vyako, hesabu, angalia migawanyiko, na mwisho kabisa ndipo uulize mhamo, yaani mahali kilele kilipo kwenye mhimili wa spektra, kwa ppm. Mfano wetu ni mmoja mwanzo hadi mwisho: benzokaini, C9H11NO2, iliyopimwa ndani ya CDCl3, yaani klorofomu yenye deuteri (hidrojeni nzito).

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kampaundi yako ikiwa imekauka kabisa. Kwa spektra ya protoni (yaani ya hidrojeni), miligramu 5 hadi 10 zinatosha. Kwa kaboni, andaa 20 hadi 50.
- Mrija wa NMR wa milimita 5, ulionyooka, usio na ufa wala mikwaruzo, pamoja na kizibo chake.
- Kiyeyusho chenye deuteri, mililita 0.6 hivi.
- Pipeti ya kioo, pamba kidogo na kichupa safi.
- Fomula ya molekuli, ama ile unayoitarajia au iliyothibitishwa kwa spektrometa ya masi.
- Orodha ya kila kiyeyusho kilichogusa kampaundi yako tangu mmenyuko ulipoanza. Watu huidharau orodha hii, na ndiyo itakayokuokoa kwenye hatua ya 5.

Tahadhari ya sumaku: uga wake haulali, hata mashine isipopima. Mwenye kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo asiingie kwenye eneo lililowekewa alama. Simu, funguo, kadi za benki na spana zibaki nje. Na ukisikia gesi ikitoka kwa kishindo juu ya sumaku, toka chumbani mara moja: heliamu inayochemka husukuma oksijeni nje ya chumba, na pua haitakuonya.

## Hatua ya 1: Chagua kiyeyusho

Kiyeyusho cha kawaida kina hidrojeni nyingi mno, kingeifunika sampuli yako. Kwa hiyo tunatumia kile ambacho hidrojeni zake zimebadilishwa kuwa deuteri. Deuteri hiyo ina kazi ya pili: mashine huisikiliza ili kuushika uga wa sumaku usihame wakati wa kupima. Kitendo hicho huitwa loki.

Anza na CDCl3 kama kampaundi inayeyuka humo. Isipoyeyuka, jaribu DMSO-d6. Chumvi na sukari ziende D2O, maji yenye deuteri. Jaribu kwanza na chembe chache ndani ya kiyeyusho kile kile kisicho na deuteri, kwa sababu ni cha bei ndogo.

Kila kiyeyusho huacha kilele chake kidogo, kutokana na molekuli chache ambazo hazikubadilishwa. Andika namba hizi mahali unapoziona:

- CDCl3: protoni 7.26, kaboni 77.16. Maji yake hutokea karibu na 1.56.
- DMSO-d6: protoni 2.50, kaboni 39.52. Maji karibu na 3.33.
- CD3OD (methanoli yenye deuteri): protoni 3.31, kaboni 49.00.
- D2O: protoni 4.79.

Tahadhari mbili. CDCl3 iliyokaa sana huwa na asidi, na kampaundi zinazochukia asidi huharibika ndani ya mrija huku ukisubiri zamu. Ipitishe kwanza kwenye alumina ya besi. Ya pili: D2O na CD3OD hubadilishana deuteri na hidrojeni za OH na NH, na ishara zake hupotea. Ukitaka kuziona, DMSO-d6 ndiyo rafiki yako.

## Hatua ya 2: Andaa mrija

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo tukae kidogo.

Kausha kampaundi kwenye pampu ya ombwe mpaka uzito wake uache kushuka. Usiridhike na macho. Unga unaoonekana mkavu kama chaki bado unaweza kubeba ethili asetati ya kutosha kukuchanganya.

Yeyusha ndani ya kichupa, usiyeyushe ndani ya mrija. Kwenye kichupa unaweza kutikisa na kutazama. Kisha chukua pipeti ya kioo, sukuma kipande kidogo cha pamba mpaka shingoni, na upitishe mmumunyo humo kuingia mrijani. Inua mrija uutazame dhidi ya mwanga. Ukiona kitu kinaelea, hata uzi mmoja wa pamba au chembe ya silika inayometameta, rudia kuchuja. Chembe moja inavuruga usawa wa uga pale pale inapopita, na kila kilele chako kitanenepa chini.

Kimo cha mmumunyo kiwe sentimita 4 hadi 5. Kikiwa kifupi, ukingo wa juu wa mmumunyo unakaribia eneo la kupimia na kusawazisha uga kunakuwa vita. Kikiwa kirefu, umeichanganya kampaundi na kiyeyusho kisicho na faida.

Usizidishe kampaundi ukidhani unaisaidia mashine. Mmumunyo mzito kama asali hutoa mistari minene.

Funga kizibo, futa nje ya mrija kwa karatasi laini, na uandike jina juu kabisa. Kazi ya klorofomu ifanyike ndani ya kabati la kufyonza mvuke, ukiwa na glavu.

Umefanikiwa ukiona: kimiminika angavu, kisicho na tabaka, kisicho na kinachoelea, kimo chake kikilingana na kipimo cha pembeni ya mashine.

## Hatua ya 3: Pima

Mashine nyingi sasa hufanya sehemu hii zenyewe, ila ujue kinachotokea ili utambue inapokwama.

Kwanza mashine hufunga loki, na lazima uiambie kiyeyusho sahihi. Ukiiambia DMSO ilhali umeweka CDCl3, itashindwa kufunga, au itafunga pabaya na spektra yote itahama. Pili hulinganisha probu (sehemu inayouzunguka mrija na kupokea ishara) na masafa ya kiini unachopima, protoni au kaboni. Tatu husawazisha uga, kazi inayoitwa shimu. Shimu nzuri hutoa mistari myembamba yenye pande mbili zinazofanana. Tazama kilele cha TMS (tetramethilisilani, kampaundi ya rejeo inayowekwa kwenye 0.00) au cha klorofomu: upana wake katikati ya kimo uwe chini ya Hz 1.

Kwa protoni, skani 16 zinatosha sampuli ya kawaida. Kwa kaboni utahitaji mamia, wakati mwingine zaidi ya elfu, kwa sababu kaboni-13, ambayo ndiyo mashine huiona, ni asilimia 1.1 tu ya kaboni yote. Na kumbuka hesabu hii kabla ya kupanga muda: ukitaka ishara ijitokeze mara mbili zaidi juu ya kelele, skani ziongezwe mara nne.

Kama unataka maeneo ya vilele yakuhesabie kiasi kwa usahihi, ongeza muda wa kusubiri kati ya skani. Kanuni ni angalau mara tano ya T1 (kipimo cha muda wa kiini kutulia baada ya kila skani) ndefu kuliko zote ndani ya sampuli. Wengi huweka sekunde 30 na kuendelea na shughuli nyingine. Ukiacha sekunde 1 ya kawaida, hidrojeni zinazotulia polepole zitaonekana chache kuliko zilivyo.

## Hatua ya 4: Safisha spektra kwenye kompyuta

Rekebisha fezi mpaka kila kilele kisimame wima, pande zote mbili zikishuka sawa hadi chini. Rekebisha mstari wa chini uwe bapa. Kisha weka rejeo: TMS kwenye 0.00, au kilele cha kiyeyusho kwenye namba yake niliyoitaja juu.

Usipime eneo lolote kabla fezi na mstari wa chini havijanyooka. Mstari ulioinama kidogo tu unaweza kukupa hidrojeni ambayo haipo.

## Hatua ya 5: Ondoa vilele visivyo vyako

Chukua ile orodha ya viyeyusho. Ndani ya CDCl3, wageni wa kawaida hukaa hapa (singleti ni mstari mmoja, dableti miwili, tripleti mitatu, kwateti minne):

- Ethili asetati: kwateti 4.12, singleti 2.05, tripleti 1.26.
- Asetoni: singleti 2.17.
- Dikloromethani: singleti 5.30.
- Dayethili etha: kwateti 3.48, tripleti 1.21.
- Toluini: singleti 2.36, na kundi karibu na 7.2.
- Heksani na grisi ya viungio vya vioo: karibu na 0.9 na 1.26.

Sasa tazama benzokaini iliyosafishwa kwenye safu ya silika kwa ethili asetati. Benzokaini ina kundi la ethili ndani yake, kwa hiyo utaona kwateti mbili na tripleti mbili. Za kampaundi ni 4.31 na 1.36. Za mgeni ni 4.12 na 1.26. Mimi mwenyewe niliwahi kupoteza siku nzima nikijenga molekuli yenye ethili mbili, kumbe moja ilikuwa kiyeyusho. Kilichonitoa gizani ni ile singleti ya 2.05, ambayo haikuwa na pa kukaa kwenye muundo wangu wowote.

Mgeni huyo pia anahesabika. Tuseme umeweka dableti ya 7.86 iwe 2.00, na singleti ya 2.05 ikatoa 0.45. Gawa kila moja kwa idadi ya hidrojeni zake: 2.00 kwa 2 ni 1, na 0.45 kwa 3 ni 0.15. Yaani kwa kila moli ya benzokaini kuna moli 0.15 ya ethili asetati. Ukizidisha kwa uzito wa molekuli, 165 na 88, utakuta asilimia 7 hivi ya ulichopima mizanini si kampaundi yako. Mavuno uliyoandika kwenye daftari yamezidi kwa kiasi hicho hicho. Rudisha sampuli kwenye pampu.

Kwa nini tumetumia 2.05 badala ya kwateti ya 4.12? Kwa sababu NH2 ya benzokaini hutokea karibu na 4.05, pana kama mgongo wa kilima, na kwateti hiyo hupanda juu yake. Siku zote pima mgeni kwa ishara iliyosimama peke yake.

## Hatua ya 6: Hesabu kabla ya kukisia

Anza na fomula. Jumla ya duara na bondi za ziada hupatikana hivi: zidisha kaboni kwa 2, ongeza 2, ongeza nitrojeni, toa hidrojeni na halojeni, kisha gawa kwa 2. Oksijeni haihesabiwi. Kwa C9H11NO2: 18 + 2 + 1 − 11 = 10, nusu yake 5. Duara la benzini hula 4. Inabaki 1, na oksijeni mbili zinaashiria C=O.

Sasa pima maeneo. Chagua ishara moja unayoiamini, iliyo mbali na nyingine, uipe idadi yake, na uache nyingine zijipange. Hapa utapata 2, 2, 2, 2 na 3. Jumla 11, sawa na fomula. NH2 inaweza kusoma 1.8 au 1.9, isikutishe: ishara pana ni ngumu kupima hadi mwisho wake.

Jumla isipofika, usiendelee. Ama kuna ishara uliyoikosa, au hidrojeni inabadilishana na kiyeyusho, au fomula si hiyo.

## Hatua ya 7: Soma migawanyiko

Ishara ya hidrojeni hugawanywa kuwa mistari na hidrojeni majirani walio kwenye kaboni ya pembeni. Majirani n wanaofanana hutoa mistari n + 1. Lakini usihesabu mistari tu, pima umbali kati yake, tunaouandika J kwa Hz. Majirani wawili wanaogawanyana lazima wawe na J moja. Hicho ndicho kitambulisho chao.

Kwenye mashine ya MHz 400, ppm 1 ni Hz 400. Kwateti yetu ina mistari kwenye 4.337, 4.319, 4.301 na 4.283. Tofauti ni 0.018, mara 400 ni Hz 7 na kidogo. Nenda kwenye tripleti: 1.378, 1.360, 1.342. Tofauti ile ile. Basi CH2 hii na CH3 hii ni majirani, na kwa pamoja ni ethili. Umejua hilo bila kufungua jedwali lolote.

Dableti za 7.86 na 6.63 nazo zina J moja, karibu Hz 8.7, kiasi cha hidrojeni zilizopakana kwenye duara la benzini. Kila moja ina hidrojeni 2. Dableti mbili za 2 na 2 ni alama ya duara lenye viambata viwili vinavyotazamana, nafasi ya 1 na ya 4. Ukizikuza sana utaona mistari midogo ya ziada kando. Si uchafu, ni tabia ya mfumo huu.

J nyingine za kukumbuka: hidrojeni mbili za bondi maradufu zilizo upande mmoja, yaani cis, Hz 6 hadi 12, za pande tofauti, trans, 12 hadi 18, hidrojeni za benzini zilizorukana moja, 1 hadi 3. J haibadiliki ukibadilisha mashine, kwa hiyo iandike kwa Hz, kamwe si kwa ppm.

## Hatua ya 8: Sasa ndiyo uulize mhamo

Mhamo unakuambia hidrojeni imepakana na nini. Kwa ujumla: 0.8 hadi 1.8 mnyororo wa kawaida, 2.0 hadi 2.7 pembeni ya C=O au ya duara la benzini; 3.3 hadi 4.5 pembeni ya oksijeni, 4.5 hadi 6.5 bondi maradufu, 6.5 hadi 8.5 duara la benzini, 9.4 hadi 10 aldehidi.

Thamani yake inaonekana mnapobaki na miundo miwili inayopita hatua zote za nyuma. Kwa C9H11NO2 ipo benzokaini, ambamo ethili imeshika oksijeni, na ipo esta iliyogeuzwa, ambamo ethili imeshika C=O na oksijeni imeshika duara. Hesabu ni ile ile, migawanyiko ile ile. Lakini kwenye esta iliyogeuzwa CH2 ingetokea karibu na 2.5. Yetu iko 4.31. Imeshika oksijeni, na mjadala umeisha.

Duara nalo linasema: 6.63 ni hidrojeni zilizo karibu na NH2, inayosukuma elektroni na kuzivuta ishara kulia. 7.86 ziko karibu na C=O, inayonyang'anya elektroni.

Onyo: NH na OH huzurura. Mahali pake hutegemea ukolezi, joto na maji yaliyomo. Usijenge hoja juu ya ppm yake.

## Hatua ya 9: Thibitisha kwa kaboni

Benzokaini ina kaboni 9 lakini hutoa ishara 7: 166.7, 150.8, 131.6, 120.0, 113.8, 60.3 na 14.4. Mbili zimefichwa na ulinganifu wa duara. Ishara pungufu ya kaboni ni habari, wala si kasoro.

Endesha DEPT-135. CH na CH3 husimama juu, CH2 huelekea chini, kaboni zisizo na hidrojeni hutoweka. Hapa 60.3 itageuka chini, na 166.7, 150.8 na 120.0 hazitaonekana. Vilele vitatu vya klorofomu kwenye 77 pia vitatoweka, kwa kuwa kaboni yake imeshika deuteri.

Usipime maeneo kwenye spektra ya kawaida ya kaboni. Kaboni zisizo na hidrojeni huonekana fupi hata zikiwa sawa kwa idadi.

## Hatua ya 10: Funga mianya iliyobaki

Dondosha tone la D2O mrijani, tikisa, acha litengane, pima tena. NH2 ya 4.05 itapotea au kufifia, na kilele cha HOD (maji yenye deuteri moja na hidrojeni moja) kitajitokeza karibu na 4.8.

Molekuli kubwa zinahitaji vipimo vya mihimili miwili. COSY huonyesha hidrojeni zilizo majirani. HSQC huonyesha kila hidrojeni imekaa juu ya kaboni ipi. HMBC huvuka bondi mbili hadi tatu, nayo ndiyo inayoshona vipande. Kwa benzokaini, hidrojeni za 4.31 na za 7.86 zote hugusa kaboni ya 166.7. Doa hizo mbili zinaweka C=O katikati, huku duara na huku ethili.

## Hatua ya 11: Andika matokeo

Taja kiini, mashine, kiyeyusho, kisha kila ishara kwa mpangilio wa mhamo, umbo, J na idadi:

1H NMR (400 MHz, CDCl3): 7.86 (d, J = 8.7 Hz, 2H), 6.63 (d, J = 8.7 Hz, 2H), 4.31 (q, J = 7.1 Hz, 2H), 4.05 (s pana, 2H), 1.36 (t, J = 7.1 Hz, 3H).

13C NMR (100 MHz, CDCl3): 166.7, 150.8, 131.6, 120.0, 113.8, 60.3, 14.4.

Mhamo wa protoni uandike kwa desimali mbili, wa kaboni kwa moja, na usiorodheshe kilele cha kiyeyusho. Kisha hifadhi faili ghafi yenyewe pamoja na picha, kwa maana mtu mwingine akitilia shaka fezi au eneo, atahitaji kulichakata upya mwenyewe.